Kila Ubao Mwekundu Huitwa Mahogani

Ingia katika karakana yoyote ya samani kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, uulize kitanda kile chekundu kimeundwa kwa mbao za mti gani. Aghalabu utajibiwa kwa neno moja: mahogani. Geukia kabati lililo upande wa pili, la rangi ya hudhurungi iliyokolea. Hilo nalo ni mahogani. Meza ya kulia ni mahogani, mlango wa mbele ni mahogani, hata jeneza la mkwasi aliyezikwa juzi lilikuwa la mahogani. Mgeni asiyetujua angedhani kwamba nchi hii imefunikwa na msitu mmoja mnene wa mti huo, kutoka Lokichogio hadi Vanga.

Waama, mti ulioitwa mahogani tangu awali haukuwahi kuwa wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Karibi na nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Wafanyabiashara wa Ulaya walipokuja kuvuna misitu ya Afrika, waliukuta mti mwingine wa ukoo uo huo, wenye mbao nyekundu zinazong'aa zikipigwa randa, wakaupachika jina la ndugu yake wa ng'ambo. Mti huo kwa Kiswahili ni mkangazi. Jina lilikuwapo, tena zuri. Hata hivyo, thubutu kulitamka leo mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Nne uone ni wangapi watakaojua kama mkangazi ni mti, ni ndege au ni ugonjwa wa mifugo.

Jambo hili silitaji kwa nia ya kuwakejeli mafundi, wala si chuki ya maneno ya kukopa, kwani Kiswahili kimekopa tangu zamani na hakikudhurika. Linalonikera ni kwamba jina la mti ni kama hati yake ya kuzaliwa. Likipotea, mnunuzi hupoteza pia uwezo wa kuuliza mti ule ulikatwa wapi, ulikatwa na nani, na kwa idhini ya nani. Na maswali hayo, kama nitakavyoeleza, si ya kupitishia wakati.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu kwa kazi na seremala kwa ridhaa. Tofauti kati ya seremala wa ridhaa na fundi anayekula kwa jasho la msumeno wake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fundi ana oda ya kukamilisha kabla ya Ijumaa, ana kodi ya banda na ada za watoto. Akifika kwa mwuza mbao hukagua bei kwanza, kisha vipimo, akapakia mkokoteni na kwenda zake. Hana nafasi ya kukaa nusu siku akipapasa ubao mmoja. Seremala wa ridhaa anayo. Anaweza kufika asubuhi, akatoka saa saba na ubao mmoja tu kwapani, na asihesabu kwamba siku imepotea. Kwa hiyo ndiye anayestahili kuulizwa zaidi kwa nini amenunua alichonunua, maana hakuna njaa iliyomlazimisha.

Bohari ninalolizuru liko katika Eneo la Viwandani, Nairobi. Si kama yadi za mbao tulizozizoea, ambazo huuza msonobari na saiprasi za kuezekea nyumba, mbao zikiwa bado mbichi hata zikichuruzika maji. Hili huuza mbao ngumu pekee. Ukipita langoni harufu hukupokea kabla ya mtu. Kuna harufu ya mtarakwa, ambayo kila aliyewahi kuchonga penseli ya zamani huitambua, ijapokuwa mtarakwa wenyewe ni mgeni katika bohari hilo kwa sababu nitakayoieleza punde. Kuna harufu ya kafuri, ile watu wa pwani waitayo karafuu maiti, itokayo katika mbao chache kuukuu za muthaiti zilizobanduliwa kwenye nyumba ya kikoloni iliyobomolewa. Mbao zote zimepangwa kwa tabaka, na baina ya tabaka na tabaka vimewekwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Ncha zimepakwa rangi. Mgeni hudhani ni pambo, kumbe unyevu hutoka upesi zaidi katika ncha kuliko ubavuni, na ncha ikikauka kabla ya mwili, ubao hupasuka.

Hapa yafaa nisimame kidogo kwa ajili ya wanafunzi, kwani maneno 'mbao ngumu' huwababaisha wengi. Wataalamu wa mimea hawapimi ugumu kwa ukucha. Kwao mbao ngumu hutoka katika miti yenye maua na majani mapana, na mbao laini hutoka katika jamii ya misonobari. Ndiyo maana balsa, mti wa Amerika ambao mbao zake ni nyepesi ajabu hata hutengenezewa ndege za kuchezea, huhesabiwa miongoni mwa mbao ngumu. Mtarakwa nao, ambao nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi bila kuguswa na mchwa, ni mbao laini vitabuni. Seremala hana budi kuzijua lugha zote mbili, ya kitabu na ya karakana, na kutambua ni ipi inayosemwa.

Msimamizi wa bohari ni mzee wa makamo ya juu, mzaliwa wa pwani, mtu wa maneno machache na kisu kikali. Kisu hicho ndicho miwani yake. Ukimwuliza habari ya ubao hakujibu mara moja; huparuza ncha yake mpaka vinyweleo vya mti vikaonekana, huutema mate kidogo, hutazama, ndipo hunena. Siku moja nilimwonyesha rundo lililoandikwa mahogani kwa chaki.

"Mzee, hii ni mahogani ipi?"

Alitabasamu kama mtu aliyefumaniwa. "Mwalimu, umeanza. Za juu hizi ni mkangazi. Hizo za chini ni sapele. Utizame ubavuni, waona hii milia kama utepe? Mkangazi hauna milia ya namna hiyo, na ukiupasua haunukii hivi."

"Mbona basi chaki imeandika jina moja? Na risiti je?"

"Mteja akija hapa hutaka mahogani. Nikimwambia ni mkangazi ataona nataka kumwuzia mti wa kienyeji. Ataondoka aende kwa jirani, auziwe mkangazi uo huo kwa jina alipendalo, tena kwa bei ya juu."

Nililitafakari sana jibu lile. Mti wa kienyeji! Katika sokoni mwetu neno hilo ni sifa likitajwa pamoja na kuku au mboga, lakini likiandamana na kabati huwa tusi. Wahenga walidai kwamba chema chajiuza. Mzee yule angewajibu kwamba mkangazi, pamoja na uzuri wake wote, haujiuzi mpaka uvae kanzu ya kuazima.

Wala si mkangazi pekee. Mabwana misitu na wapasuaji mbao wa enzi ya ukoloni waliipa miti yetu majina kwa kufananisha tu na ile waliyoiacha kwao au waliyoiona katika makoloni mengine. Mti wa Meru uitwao muuru, ambao wataalamu wanauita Vitex keniensis, uliitwa mwaloni wa Meru, ilhali si wa ukoo wa mialoni hata kidogo. Mti mmoja wa Mlima Elgon ulifananishwa na msaji wa Bara Hindi, nao kwa hakika ni wa jamii ya mizeituni. Mtarakwa uliitwa mwerezi, jina la mti wa Lebanoni, na walioulewa wakasaga vijiti vyake kwa ajili ya viwanda vya penseli. Muthaiti ulipewa jina la kafuri kwa sababu ya harufu. Ikiwa mtu atasoma orodha ya mbao za Kenya kwa majina hayo, ataona misitu ya Ulaya, ya Asia na ya Mashariki ya Kati, Kenya hataiona.

Nirejee bohari. Kazi iliyokuwa imenipeleka siku hiyo ilikuwa rafu ya vitabu kwa maktaba ya darasa, ya futi nne kwenda juu na futi tatu upana. Nilikuwa na mbao tatu akilini: mvule, mninga na mkangazi.

Mvule ni mti ambao mtu akiulewa haachi. Ukitoka kupasuliwa huwa na rangi ya manjano, kisha mwanga ukiupata huiva taratibu hadi hudhurungi ya dhahabu. Mchwa hauupendi na mvua haiuozeshi upesi. Ndiyo sababu ulitumiwa kwa milango, boti na viti vya kukaa nje. Ila una hila yake. Ndani ya mvule mara nyingine hujificha jiwe, jiwe kweli, la madini ya chokaa, lililofanyika mti ulipokuwa hai. Halionekani kwa nje. Fundi hulijua siku msumeno unapolia na meno yake kung'oka. Mpasuaji wa bohari lile, kijana mwenye mikono mipana, alinionyesha bapa la msumeno lenye pengo la meno sita na kusema kwamba kila mvule alioupasua tangu siku hiyo huugonga kwanza kwa nyundo na kusikiliza. Sina hakika kwamba kugonga kunasaidia, lakini nani atamlaumu?

Mninga ni tofauti. Ni mti wa miombo, na mbao zake tunaletewa kutoka Tanzania na nchi za kusini yake. Sifa yake kubwa ni utulivu. Mbao nyingi hujikunja na kujipinda majira yakibadilika. Mninga hutikisika kidogo sana, na kwa hiyo droo ya mninga huvutika masika na kiangazi. Mafundi wa Mombasa wanaujua uzuri wa jambo hilo kuliko sisi wa bara, kwani hewa yao ina unyevunyevu, na droo iliyotengenezwa Nairobi mwezi wa Januari ikashushwa pwani huvimba na kukataa kufunguka.

Kuhusu unyevu huu ningependa walimu wa sayansi wanisikilize, maana hakuna somo linalofundishika kwa urahisi zaidi kwa kutumia ubao. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Yale yaliyo katika matundu ya seli hutoka kwanza, na ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 au karibu na hapo, maji yaliyoshikamana na kuta za seli nayo huanza kutoka, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Lakini hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu hausinyai takriban hata kidogo. Kwa upana unaofuata mzingo wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya upana unaotoka kiini kwenda gomeni. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao ukawa kama kigae. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutazama ncha: pete zikisimama wima, ubao utatulia; zikilala kama pinde, ajiandae. Mzee ana kipima unyevu chenye pini mbili za kuchomeka, kidogo kama redio ya mfukoni, na humruhusu mteja akitumie mwenyewe. Kwa samani za ndani hapa Nairobi mimi huchukua ubao uliofika asilimia 12 au chini yake. Ukisoma 18, hata uwe mzuri namna gani, huurudisha mahali pake. Na kurudisha huko ni adabu: anayepangua rundo hulipanga upya pamoja na vijiti vyake, la sivyo mara ya pili atapokewa kwa uso wa kununa.

Vipimo navyo ni hesabu ya darasani. Kwa desturi yetu mbao huuzwa kwa futi za urefu, na upana na unene hutajwa kwa inchi: sita kwa moja, nane kwa moja, kumi na mbili kwa mbili. Mbao ngumu hata hivyo hazitoki msumenoni kwa upana ulio sawa, kwa sababu mpasuaji hataki kutupa hata ukucha wa mti ghali. Mzee hutumia futi ya ubao, yaani kipande cha futi moja ya urefu, inchi 12 za upana na inchi moja ya unene, ambacho ni inchi za ujazo 144. Ubao wa futi 8, wenye upana wa inchi 9 na unene wa inchi 2, ni nane mara tisa mara mbili, ukagawanya kwa 12: futi za ubao 12. Hapo mnunuzi akumbuke kwamba randa italamba robo ya inchi ya unene, na kwamba vifundo, nyufa na ngozi nyeupe ya nje vitakula chao. Mimi huongeza theluthi moja juu ya hesabu ya karatasi, na sijawahi kubakiwa na mbao nyingi.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Nilimwuliza mzee mkangazi ule ulitoka wapi.

Swali hilo lina historia. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti ya asili katika misitu ya umma. Mtarakwa, muthaiti na jamaa zao wakatoka katika bidhaa halali za msitu huo; kilichobaki sokoni kwa njia ya haki kikawa ni mbao kuukuu na miti ya mashamba ya watu binafsi. Februari 2018, mito ilipokuwa imekauka na wananchi kulalamika, serikali ilisimamisha ukataji wote katika misitu ya umma na ya jamii, hata ile ya kupandwa. Lakini hamu yetu ya vitanda vyekundu haikusimamishwa na mtu. Kwa hiyo tukageukia kwa majirani. Mbao ngumu nyingi zinazouzwa Nairobi zimekatwa katika misitu ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zikapita Uganda kwa malori, na kufika hapa zikiwa na vumbi la nchi tatu. Wanaozikata huko, katika sehemu nyingi, huzungumza Kiswahili kama sisi. Baadhi ya maeneo hayo hayajaona amani kwa miaka mingi, na mti mkubwa ni mali ambayo mwenye bunduki huweza kuitoza ushuru.

Ulimwengu nao uliamka. Katika mkutano uliofanyika Panama mnamo Novemba 2022, mataifa yaliyotia sahihi mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, yaliongeza miti ya Kiafrika katika orodha ya pili ya mkataba, na uamuzi ukaanza kutumika Februari 2023. Miti yenyewe ni ipi? Ni jamii ya Khaya, ambamo umo mkangazi. Jamii ya Afzelia, ambamo umo mbambakofi wa milango ya pwani. Na jamii ya Pterocarpus, ambamo umo mninga. Mpingo na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia walikuwa wametangulia tangu Januari 2017. Kuwamo katika orodha hiyo si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba ubao hauwezi kuvuka mpaka kwa njia ya halali bila hati inayoshuhudia kwamba ulikatwa kwa kufuata sheria na kwamba kukatwa kwake hakutaumaliza mti huo porini.

Msomaji bila shaka ameshaona shida. Hati ya mkataba huandika jina la kitaalamu la mti. Haijui 'mahogani' iliyoandikwa kwa chaki. Risiti yenye neno hilo pekee inaweza kufunika mkangazi, sapele, au mti wa tatu ambao hata mwuzaji haujui. Afisa wa mpakani akiambiwa lori limebeba mahogani, ameambiwa nini? Jina moja likitosha kwa miti kumi, mti wa kumi na moja huingia bila kubisha hodi.

Mzee hakunificha. Alinionyesha marundo mawili. La kwanza lilikuwa na nakala za karatasi zake ofisini, akaniitia msichana wa hesabu anitolee nizisome. La pili lilikuwa nyuma, gizani, mbao pana za kupendeza, ambazo bei yake ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya theluthi.

"Hizo sikuletewa na karatasi," alisema. "Nilizikuta nilipoajiriwa. Wateja huzipenda."

"Na wewe, Mzee?"

"Mimi ni mwajiriwa, Mwalimu. Nikikuonyesha nimemaliza kazi yangu. Kuchagua ni kwako."

Fundi mwenye oda ya Ijumaa angechukua rundo la nyuma, na sidhani nina haki ya kumhukumu nikiwa na mshahara wangu wa mwisho wa mwezi. Lakini seremala wa ridhaa akilichukua, atajitetea vipi? Anatengeneza rafu ambayo hakuna aliyemshurutisha kuitengeneza. Nafuu ile ya theluthi ililipwa na mtu mwingine mahali pengine, na kuna msitu ambao haukuulizwa.

Sikuchukua mkangazi wowote siku hiyo, hata ule wenye karatasi. Pembeni mwa bohari palikuwa na mbao chache za muuru, kijivu chenye kuelekea hudhurungi, zenye mikanda myeusi iliyopita kama moshi. Muuru asili yake ni miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hauoti kwa asili penginepo duniani, na wakulima wa Meru na jirani zake wameupanda mashambani. Mbao hizo zilitoka katika shamba la mkulima, na kibali cha kuzisafirisha kilikuwapo. Bei yake ilikuwa chini ya mkangazi wa halali, kwa sababu, kama mzee alivyonieleza, "hauombwi sana, si mwekundu." Randa iliupita bila kuuchana. Rafu ilisimama baada ya Jumamosi tano, na mpaka leo hakuna ubao uliojikunja.

Kuna watu waliotutangulia katika njia hii, nao si wasomi. Wachongaji vinyago wa Kikamba, wa Wamunyu na wa Changamwe, waliishi miaka mingi kwa mpingo na muhugu. Miti hiyo hukua polepole mno. Mpingo huhitaji miongo mingi kabla haujafaa kuchongwa. Ilipoadimika, wengi wao walihamia mwarobaini, muembe, mgrevilea na mjakaranda, miti inayopandwa majumbani na mashambani. Mnunuzi wa kwanza alinung'unika kwamba twiga si mweusi. Baadaye alizoea.

Swali linalobaki ni letu walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichangishwa wakajenga karakana za useremala katika shule nyingi. Baadaye, masomo ya kazi za mikono yalipoondolewa katika mitihani ya shule za msingi, karakana hizo ziligeuzwa stoo za mahindi na madawati mabovu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatuhimiza tena tufundishe kwa mikono. Nimeona hata hivyo kwamba yanayofundishwa kuhusu mbao yamebaki kuwa orodha ya kukariri. Mwanafunzi hutaja sifa nne za mbao ngumu pasi na kuwahi kuinua ubao wa mvule. Kamusi nazo hazimsaidii sana, kwani akitafuta majina ya miti mingi hukuta kwamba ni aina ya mti utoao mbao, basi. Ni kama kumweleza mtu kwamba Mombasa ni aina ya mahali.

Bohari la mbao ni darasa lisilotozwa ada. Kila wiki mpasuaji hutupa vipande vya urefu wa shubiri visivyofaa kwa kazi, na hakuna mwuzaji niliyemwendea kwa heshima akaninyima. Mzee alinijazia mfuko, na juu ya kila kipande akaandika jina kwa penseli, mkono wake ukiwa mzito: mvule, mninga, mkangazi, sapele, muuru, mbambakofi. Mtarakwa nilipata katika nguzo ya ua uliong'olewa, na mpingo ni mguu wa kinyago kilichovunjika. Nilitahadharishwa nisiwaachie wanafunzi kuvipiga msasa ndani ya chumba kilichofungwa, na tahadhari hiyo ina msingi: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tulifanya kazi uani, vitambaa puani.

Wanafunzi walipima uzito, wakachora pete, wakanusa. Walitia vipande katika karai la maji: mpingo ulizama kama jiwe, mkangazi ukaelea. Kisha msichana mmoja akauliza dawati lake lilikuwa la mti gani. Dawati lenyewe lilikuwa jekundu, na katika orodha ya mali ya shule limeandikwa neno ambalo msomaji ameshalikisia. Tulilipindua. Upande wa chini, mahali ambapo vanishi haikufika, alikwangua kwa kisu, na pakatokea ubao mweupe wenye vifundo na harufu ya saiprasi.